Likizo Fupi Darjeeling: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Darjeeling ni mji wa mlimani ulioko kaskazini kabisa mwa jimbo la West Bengal nchini India, kwenye kimo cha mita 2,000 na ushei kutoka usawa wa bahari, ukikabiliana na Kangchenjunga, mlima wa tatu kwa urefu duniani. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msafiri wa Afrika Mashariki mwenye siku chache tu, awe amefika India kwa biashara, masomo, kumsindikiza mgonjwa au kwa ajili ya likizo yenyewe. Saa zote zilizotajwa zimehesabiwa kwa Kiswahili na kwa majira ya India, ambayo yanatangulia majira ya Afrika Mashariki kwa saa 2 na nusu. Kwa hiyo saa 10 alfajiri ndiyo itakayoandikwa 04:00 kwenye tiketi.

Siku ngapi zinatosha?

Kulala mjini usiku 3 ndicho kiwango cha chini ninachokipendekeza, na usiku 4 ni bora zaidi. Sababu si wingi wa vivutio, kwa kuwa vyote vilivyo muhimu vinaweza kutembelewa kwa siku 2. Sababu ni mlima wenyewe. Hata katika msimu mzuri Kangchenjunga huweza kujifunika mawingu kutwa nzima, kisha ukafunuka kwa saa moja tu alfajiri ya siku inayofuata. Aliyetenga asubuhi moja ya kuutazama amejifunga kwenye bahati, ilhali mwenye asubuhi 3 ana nafasi ya kweli.

Kampuni nyingi za utalii huuza mpango wa siku 5 au 6 unaounganisha Darjeeling, Kalimpong, Gangtok na Pelling. Nawasihi wasomaji wasiununue mpango wa namna hiyo kwa likizo fupi. Kwenye ramani miji hiyo imekaribiana, lakini safari ya Darjeeling hadi Gangtok, ambayo ni takriban kilomita 100, hula saa 4 au zaidi kwa sababu barabara inashuka hadi kwenye bonde la mto Teesta na kuanza kupanda upya. Nusu ya likizo huishia ndani ya gari, na asubuhi, ambazo ndizo saa pekee zenye uhakika wa kiasi wa kuona theluji, hutumika kufunga mizigo.

Ni miezi gani inayofaa?

Vipindi vizuri ni viwili: kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Desemba, na kuanzia Machi hadi katikati ya Mei. Msomaji wa pwani ataelewa sababu haraka, kwani upepo wa kusi unaovuma kwetu katikati ya mwaka huvuka Bahari ya Hindi, hubeba unyevu wa bahari hadi Bara Hindi na kuumwaga kwenye miteremko ya Himalaya kuanzia Juni hadi Septemba. Katika miezi hiyo Darjeeling hupokea mvua nyingi mno, mawingu hukaa juu ya paa za nyumba kwa siku kadhaa mfululizo, barabara hukatwa na maporomoko ya ardhi, na mlima hauonekani ila kwa nadra. Kusi inapokoma, mvua husafisha vumbi lote angani, na hapo ndipo Oktoba na Novemba hupata zile asubuhi angavu zinazosifiwa.

Desemba hadi Februari hewa ni kavu na mandhari huonekana vizuri, lakini baridi ni kali, usiku hukaribia nyuzi 0, na viwanda vya chai vimesimama. Machi na Aprili maua ya rododendroni na manolia huchanua kwenye misitu ya juu, ingawa ukungu wa vumbi kutoka nyandani huanza kuficha upeo wa macho kadiri Mei inavyokaribia.

Jambo jingine la kuzingatia ni sikukuu za wenyeji wa nyandani. Wakati wa Durga Puja, ambayo huangukia Septemba au Oktoba, wakati wa Diwali, katika likizo za shule za Mei na kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, familia kutoka Kolkata na kwingineko hupanda mlimani kwa maelfu. Vyumba hujaa na bei hupanda, na safari ya saa 3 huweza kuchukua saa 5. Ikiwa tarehe zako haziwezi kuepuka vipindi hivyo, weka nafasi ya chumba na ya treni miezi kadhaa kabla. Wiki ninayoipenda zaidi kumshauri mtu ni yoyote ya Novemba baada ya Diwali kupita.

Ninahitaji hati gani?

Pasipoti inapaswa kuwa na uhai wa miezi 6 isiyopungua, na viza ya utalii ya India huombwa kwa njia ya mtandao na raia wa nchi nyingi, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda. Hakikisha unatumia tovuti rasmi ya serikali ya India, kwa sababu zipo tovuti nyingi za madalali zinazofanana nayo na kutoza ada mara kadhaa ya ile halali.

Hati ambayo watu huisahau, na ambayo kuikosa ni jambo zito, ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. India humdai cheti hicho kila msafiri anayetoka katika nchi zenye ugonjwa huo au aliyepita humo ndani ya siku 6 zilizotangulia, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zimo kwenye orodha yake. Kupitia Dubai, Doha au Addis Ababa hakuondoi sharti hilo. Chanjo huhesabiwa kuwa halali kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo aliyechanjwa siku 3 kabla ya safari hajakamilisha sharti, na asiye na cheti halali huweza kutengwa karantini hadi siku 6. Kwa mwenye likizo ya wiki moja, hiyo ni sawa na kutokwenda kabisa.

Kuingia Darjeeling kwenyewe hakuhitaji kibali cha ziada. Hoteli itachukua nakala ya pasipoti na viza, kwa kuwa sheria inaitaka itoe taarifa ya kila mgeni wa kigeni ndani ya saa 24. Beba nakala kadhaa za karatasi.

Nitafikaje kutoka Nairobi au Dar es Salaam?

Hakuna ndege ya moja kwa moja. Kutoka Nairobi na Dar es Salaam zipo safari za moja kwa moja hadi Mumbai, na mashirika ya Ghuba na Ethiopia hufika Delhi na miji mingine mikubwa. Kutoka huko utapanda ndege ya ndani hadi Bagdogra, uwanja ulio karibu na jiji la Siliguri chini ya milima. Ndege kutoka Delhi huchukua takriban saa 2 na kutoka Kolkata takriban saa 1. Anayependa reli anaweza kupanda treni ya usiku kutoka kituo cha Sealdah jijini Kolkata, maarufu kwa jina la Darjeeling Mail, na kuamka asubuhi katika kituo cha New Jalpaiguri. Licha ya jina lake, treni hiyo haipandi mlimani.

Kutoka Bagdogra au New Jalpaiguri hadi Darjeeling ni mwendo wa saa 3 hivi kwa gari, kwa njia ya kilomita 70 hadi 80 kutegemea barabara iliyochaguliwa. Unaweza kukodi gari zima au kupanda jipu la abiria, ambalo huondoka likijaa, kama daladala au matatu. Jipu ni nafuu sana, lakini abiria hubanana, na mwenye kichefuchefu cha barabara za kona anapaswa kununua viti 2 vya mbele au kukodi gari. Wapo madereva wanaopenda kupita njia ya Pankhabari, ambayo ni fupi na yenye mwinuko mkali. Ikiwa una watoto au tumbo lako ni jepesi, omba njia ndefu ya Rohini.

Panga ndege itakayotua Bagdogra kabla ya saa 8 mchana. Darjeeling iko mashariki sana mwa India huku nchi nzima ikitumia majira mamoja, kwa hiyo mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa 11 jioni. Mtu aliyezoea jua la ikweta linalozama saa 12 mwaka mzima hushtuka kukuta giza limeingia angali njiani, na barabara hizo zenye ukungu na makorongo si za kuzijua kwa mara ya kwanza usiku.

Je, treni ndogo ya Darjeeling inafaa kwa likizo fupi?

Inafaa, na ningeona huzuni mtu afike Darjeeling asiipande, lakini ichaguliwe ile safari iliyo sahihi. Reli hii ilijengwa kati ya 1879 na 1881, na mwaka 1999 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Upana wake ni milimita 610 tu, ilhali ile reli ya zamani ya Mombasa hadi Kampala na Reli ya Kati ya Tanzania zina upana wa mita 1. Wembamba huo ndio uliowezesha treni kujikunja kwenye kona kali za mlima. Pale ambapo hata kona haikutosha, wajenzi waliweka njia ya kupinda: treni husonga mbele, husimama, hurudi nyuma ikipanda kipande kingine cha reli, kisha husonga mbele tena ikiwa imepata kimo bila kuhitaji handaki. Kwa sehemu kubwa reli inaenda sambamba na barabara na kuikatiza mara nyingi, ikipita karibu mno na milango ya maduka.

Safari nzima kutoka New Jalpaiguri ni ya kilomita 88 na huchukua zaidi ya saa 7 hata mambo yakienda sawa. Kwa mwenye siku 3 au 4 sipendekezi safari hiyo. Badala yake ipo safari ya matembezi inayoanzia Darjeeling hadi Ghum na kurudi kwa takriban saa 2, ikisimama Batasia, mahali ambapo reli inazunguka bustani yenye mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi wa Kigurkha. Ghum, kilicho kwenye kimo cha mita 2,258, ndicho kituo cha reli kilicho juu kuliko vyote nchini India. Zipo safari za injini ya dizeli na za injini ya mvuke. Za mvuke ni ghali zaidi na hujaa mapema, lakini mlio wake, moshi wake na makaa yanayotiwa kwa sepetu ndivyo vilivyoifanya reli hii ijulikane. Tiketi huuzwa mtandaoni na Shirika la Reli la India. Kufungua akaunti kwa namba ya simu ya kigeni huweza kusumbua, kwa hiyo iombe hoteli ikukatie mapema.

Nilale sehemu gani ya mji?

Mji umejengwa kwa ngazi juu ya ngazi kwenye mgongo wa mlima. Juu kabisa kuna Chowrasta, uwanja wa wazi usioingia magari, ambapo watu hukaa kwenye mabenchi wakiota jua. Chini kuna kituo cha treni, soko na stendi ya magari. Hoteli za karibu na Chowrasta zina utulivu na mandhari, lakini gari litakushusha mbali na mlango, na mizigo hubebwa na wapagazi kwa ujira wa kupatana. Kabla ya kulipa, uliza maswali matatu: kuna ngazi ngapi kutoka gari linaposimama, chumba kinatazama upande gani, na je, kuna hita. Nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha joto jengo zima. Hita ya umeme hukodishwa kwa malipo ya ziada, au wahudumu hukuletea chupa ya maji ya moto ya kuweka kitandani, na chupa hiyo inafanya kazi vizuri ajabu.

Kuna jambo ambalo wageni wanapaswa kulijua kwa heshima ya wenyeji. Darjeeling ina uhaba mkubwa wa maji, hasa kuanzia Machi hadi Mei. Maji ya mji hutegemea mabwawa ya Senchal yaliyojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya watu wachache kuliko waliopo leo, na kaya nyingi hununua maji yanayoletwa kwa malori. Kila ndoo inayotumika hotelini imekosekana kwingine. Ogeni kwa kiasi, na msidai mashuka mapya kila siku.

Je, nitaiona Kangchenjunga, na ni lazima niende Tiger Hill?

Kangchenjunga una urefu wa mita 8,586 na uko umbali wa zaidi ya kilomita 70, lakini ni mkubwa kiasi kwamba unajaza upeo wote wa kaskazini. Watu wa Sikkim, jimbo jirani, huuona kuwa mtakatifu, na wapandaji wa kwanza kuufikia, Joe Brown na George Band, mnamo Mei 1955, walisimama hatua chache kabla ya kilele kwa kuheshimu imani hiyo. Desturi hiyo imefuatwa na wapandaji wengi waliokuja baadaye.

Tiger Hill ni kilima cha mita 2,590 kilicho kilomita 11 hivi kutoka mjini. Magari huondoka saa 10 alfajiri ili kuwahi mapambazuko, na wakati anga liko wazi mwanga wa kwanza hugusa kilele cha Kangchenjunga ukiwa wa waridi, kisha dhahabu, kisha mweupe, huku mabonde yote yakiwa bado gizani. Siku angavu sana Everest huonekana pia, ikiwa mbali kilomita 170 hivi, na kwa sababu ya umbali huo inaonekana fupi kuliko Makalu iliyo jirani nayo. Mwonekano huo una thamani ya kuamshwa usiku. Hata hivyo, katika msimu wa wageni wengi foleni ya magari ni ndefu, na umati juu ya kilima ni mkubwa kiasi cha kumkosesha mtu mfupi nafasi ya kuona.

Ushauri wangu ni huu. Asubuhi ya kwanza usiende popote. Amka kabla ya jua na utembee kwa miguu barabara inayozunguka kilima cha Observatory Hill, nyuma ya Chowrasta. Kutoka hapo safu ile ile ya milima inaonekana bila gari, bila tiketi na bila msongamano, na utawakuta wazee wa mji wakifanya mazoezi na wengine wakipanda kusali Mahakal, hekalu la juu ya kilima ambalo Wahindu na Wabudha wanalitumia kwa pamoja. Ukiona anga liko wazi na hali ya hewa imetulia, panga Tiger Hill alfajiri inayofuata. Kwa namna hiyo hutalipia gari la kwenda kutazama ukungu.

Mbali na mlima, ni vitu gani vya kutembelea?

Taasisi ya Upandaji Milima ya Himalaya na bustani ya wanyama ya Padmaja Naidu ziko ndani ya eneo moja, dakika 20 hadi 30 kwa miguu kutoka Chowrasta. Taasisi ilianzishwa 1954, mwaka mmoja baada ya Tenzing Norgay na Edmund Hillary kufika kilele cha Everest. Tenzing aliishi Darjeeling, alikuwa mkuu wa kwanza wa mafunzo ya vitendo hapo, na baada ya kifo chake mwaka 1986 mwili wake ulichomwa kwa desturi katika viwanja hivyo, ambapo sasa pana sanamu yake. Makumbusho yana vifaa halisi vya safari za miaka hiyo: viatu, kamba, mitungi ya hewa, makoti. Msomaji anayewafahamu wapagazi na waongozaji wa Kilimanjaro ataguswa kuona jinsi Masherpa, wenyeji wa Himalaya ambao kwa miongo mingi walitajwa tu kama wabebaji, wamepewa hapa nafasi yao kama wapanda milima.

Bustani ya wanyama, iliyoanzishwa 1958, ni maarufu kwa kuzalisha panda mwekundu na chui wa theluji, wanyama ambao ni vigumu mno kuwaona porini. Hufungwa Alhamisi, na siku hiyo moja imeharibu mipango ya wageni wengi.

Huko Ghum ipo nyumba ya watawa wa Kibudha ya Yiga Choeling, iliyojengwa 1850, yenye sanamu kubwa ya Maitreya, Buddha anayetarajiwa kuja. Vua viatu, zunguka kwa mkono wa kuume kama waumini wanavyofanya, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha ndani. Kituo cha wakimbizi wa Tibet, kilichoanzishwa 1959, kinaonyesha ufumaji wa mazulia kwa mkono, na bidhaa zinazonunuliwa hapo zinawasaidia wakimbizi wenyewe moja kwa moja. Gari la kamba la Singamari linapita juu ya mashamba ya chai. Lilifungwa kwa miaka kadhaa kufuatia ajali ya 2003 iliyoua watu, kisha likafunguliwa tena 2012. Kama foleni yake ni ndefu, liacheni bila majuto.

Mashamba ya chai yanatembelewaje, na chai yake ina tofauti gani na yetu?

Shamba lililo karibu zaidi na mji ni Happy Valley, lililoanzishwa 1854, ambalo unaweza kulifikia kwa miguu kwa njia ya kuteremka. Wageni huonyeshwa kiwanda na kuonjeshwa chai. Makaibari, karibu na Kurseong, iko njiani unapopanda au kushuka.

Mtu wa Kericho, Mufindi au Rungwe hatahitaji kufundishwa shamba la chai ni nini, lakini atashangaa mambo kadhaa. Chai yetu nyingi ni ya aina ya Assam, yenye majani mapana, na viwandani husagwa na kukatwakatwa kuwa chembe ndogo zinazotoa rangi nzito haraka, inayofaa kupikwa na maziwa. Mimea mingi ya chai ya Darjeeling ni ya aina ya Kichina, yenye majani madogo na inayostahimili baridi. Majani hayo hunyaushwa usiku kucha, huviringwa polepole bila kusagwa, huachwa yabadilike rangi, kisha hukaushwa. Kinachopatikana ni chai nyepesi yenye harufu ya maua au zabibu, na kuitia maziwa na sukari nyingi ni kuifunika. Ionje kwanza bila maziwa wala sukari.

Mchumo wa kwanza huanza mwishoni mwa Februari hadi Aprili, na chai yake ina rangi hafifu na ndiyo ghali zaidi. Mchumo wa pili, wa Mei na Juni, ndio wenye harufu ya zabibu inayojulikana. Kuanzia Desemba mimea hupumzika, kwa hiyo atakayefika Januari atakuta mashine zimesimama. Tangu 2004 jina la Darjeeling linalindwa kisheria kama alama ya asili ya bidhaa, na ni mashamba 87 tu yaliyotambuliwa kulitumia. Nunua pakiti iliyofungwa, yenye jina la shamba, mwaka na mchumo. Chai iliyomwagwa kwenye masanduku ya wazi sokoni huenda imetoka kwingine. Na kwa kuwa wachumaji, ambao wengi ni wanawake, hulipwa ujira mdogo kwa kazi ngumu kwenye miteremko, msiingie katikati ya mistari ya chai kuwapiga picha bila kuwaomba.

Nibebe mavazi gani, na je, kimo kitanisumbua?

Vaa nguo za tabaka: fulana, sweta ya sufu, na jaketi linalozuia upepo na mvua. Kofia, glavu na soksi nzito ni za lazima kwa Tiger Hill hata mwezi wa Aprili, na viatu viwe na soli isiyoteleza kwa sababu ngazi za mji hulowa umande. Aliyesahau nguo asiwe na hofu, kwani maduka ya sweta na shali yamejaa karibu na Chowrasta.

Kimo hakipaswi kuwatisha watu wenye afya. Limuru na Nyahururu ziko juu kuliko Darjeeling, na mkazi wa Nairobi hatahisi tofauti kubwa. Anayetoka pwani huenda akatweta kwenye ngazi siku ya kwanza. Apande taratibu, anywe maji, na shughuli nzito aziache hadi kesho yake. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu azungumze na daktari wake kabla ya kulipia safari, hasa ikiwa alikwenda India kwa matibabu.

Chakula kikoje, na kuna chakula cha halali?

Chakula cha mitaani ni cha Kinepali na Kitibeti: momo, ambazo ni vifurushi vidogo vya unga vilivyojazwa nyama au mboga na kupikwa kwa mvuke, thukpa, supu nzito ya tambi inayofukuza baridi, na sel roti, mkate mtamu wa mviringo wa unga wa mchele. Momo nyingi za nyama huwa za nguruwe, kuku au ng'ombe, na baadhi ya jikoni hutumia vyombo vile vile kwa zote, kwa hiyo Mwislamu asiridhike na jibu la haraka. Ipo jamii ya Waislamu ya tangu zamani mjini, yenye misikiti na mikahawa yake upande wa sokoni, na hapo hapana shaka. Asiyekula nyama hatapata tabu yoyote. Maji ya bomba yasinywewe.

Pesa, simu na umeme?

Hata kibanda cha mahindi hupokea malipo ya simu kwa mfumo wa India wa kuskani alama, lakini mfumo huo umejengwa juu ya akaunti za benki za nchini, kwa hiyo M-Pesa na kadi yako havitasaidia kwenye maduka madogo. Toa rupia taslimu Siliguri au uwanja wa ndege, zikiwemo noti ndogo, kwa sababu mashine za mjini huishiwa fedha siku za sikukuu. Laini ya simu inunuliwe katika jiji ulilotua, maana kuwashwa kwake kwa mgeni huweza kuchukua muda. Plagi za India ni za vichwa vya mviringo, hivyo chaja yenye vichwa vitatu vya bapa inahitaji adapta.

Hali ya usalama ikoje?

Uhalifu dhidi ya wageni ni mdogo, na wenyeji, ambao wengi huzungumza Kinepali pamoja na Kihindi na Kiingereza, ni watu wapole. Ukimwita muuza duka *dai*, yaani kaka, au *didi*, yaani dada, utapokelewa kwa uchangamfu. Hatari zinazostahili kupangiwa ni mbili.

Ya kwanza ni mvua. Mwanzoni mwa Oktoba 2025 mvua kubwa ilileta maporomoko yaliyoua watu wilayani humo na kuvunja daraja la Dudhia kwenye njia ya mji wa Mirik. Kwa hiyo hata mwanzo wa msimu mzuri unadai kufuatilia utabiri. Ya pili ni migomo ya kisiasa. Madai ya wenyeji wanaozungumza Kinepali ya kuwa na jimbo lao, Gorkhaland, ni ya muda mrefu, na mwaka 2017 mji ulifungwa kwa siku 104. Hali imekuwa shwari tangu hapo, lakini siku ya mgomo magari yote husimama, na inafaa kusoma habari za eneo wiki moja kabla ya kuondoka. Nunua tiketi na vyumba vinavyoruhusu mabadiliko.

Naweza kuongeza Sikkim au kuvuka hadi Nepal?

Sikkim humtaka mgeni wa kigeni awe na kibali, ambacho hutolewa mpakani Rangpo kwa kuonyesha pasipoti, viza na picha. Ni jimbo zuri linalostahili safari yake lenyewe. Kuhusu Nepal, kivuko cha Pashupati karibu na Mirik ni kwa raia wa India na Nepal tu. Mgeni mwingine hupitia Panitanki na Kakarbhitta, na anapaswa kuhakikisha kwanza kwamba viza yake ya India inaruhusu kuingia tena.

Siku ya kurudi niondoke saa ngapi?

Kwa ndege ya mchana kutoka Bagdogra, ondoka Darjeeling si chini ya saa 6 kabla ya ndege kuruka. Katika msimu wa sikukuu ongeza saa 1 au 2, au shuka jioni ya kuamkia siku hiyo ulale Siliguri. Usiunganishe ndege ya Bagdogra na ndege ya kimataifa ndani ya saa chache, kwani ukungu huchelewesha ndege uwanjani hapo, hasa Desemba na Januari. Usiku mmoja wa ziada Delhi, Kolkata au Mumbai hugharimu kidogo kuliko tiketi mpya ya kurudi nyumbani, na chai uliyonunua iweke kwenye mzigo wa mkononi, mbali na manukato na viungo, kwa sababu majani hunyonya harufu upesi.